KIKAO KUHUSU JIKE ALIYEPIGWA KWENYE MATETE YA BI. VERNA

CHAMA CHA WAWINDAJI WA FEZANTI KWA MBWA WA KUONYESHA
TOLNESS, DAKOTA KUSINI

Tarehe: Jumapili, 18 Januari 2026
Mahali: Chumba cha nyuma, mkahawa wa Dot
Muda wa kuanza: Saa 8:10 mchana (kilipangwa kuanza saa 8:00, ila Bw. Wipf alikuwa hajamaliza mkate wake wa mdalasini)

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Arlo Tvedt – Mwenyekiti
2. Bi. Marlys Haugen – Katibu (dada yake Mwenyekiti)
3. Bw. Delmar Kucera – Mjumbe
4. Bw. Eugene (Gene) Wipf – Mjumbe
5. Bi. Verna Sorlien – Mgeni mwalikwa, mwenye shamba tunalowindia

ASIYEHUDHURIA
Bw. Lyle Brandner – alitoa udhuru. Bomba la maji limeganda zizini kwake.

KUMB. NA. 1/1/2026: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kumshukuru Bi. Verna kwa kuja licha ya baridi. Alikumbusha kwamba msimu wa kuwinda fezanti, hawa ndege wa porini wa jamii ya kuku, unafungwa tarehe 31 Januari, na kwamba mawindo ya mwisho hufanyika kwenye matete ya bwawa la Bi. Verna kila mwaka, kwa ruhusa yake na si kwa mazoea. Bi. Verna alisema afadhali mtu amekumbuka.

KUMB. NA. 2/1/2026: YATOKANAYO – MILANGO YA MAGARI
Katibu aliripoti kwamba agizo la Novemba la kufunga milango polepole bado halifuatwi. Ndege waliofika Januari wakiwa hai wameshasikia kila kitu. Mlango wa pikapu ukibamizwa barabarani, wanatimua mbio juu ya barafu kabla mbwa hajashushwa. Bw. Wipf alisema mlango wake ulisukumwa na upepo. Katibu anaweka kwenye kumbukumbu kwamba siku hiyo hapakuwa na upepo.

KUMB. NA. 3/1/2026: JIKE ALIYEPIGWA TAREHE 10 JANUARI
Bw. Delmar Kucera alieleza kwamba Jumamosi hiyo, yapata saa 9:30 alasiri, Birgit, mbwa wa Mwenyekiti, alisimama ukingoni mwa matete, mguu mmoja juu, pua imeelekea ndani, ndivyo mbwa wa kuonyesha anavyoashiria kwamba ndege wamo. Watu wote walisimama kama ilivyo desturi. Ndege wawili waliruka. Mwito wa "Jogoo!" ulisikika. Yeye alikuwa ameelekea jua, likiwa chini kabisa, na alichokiona ni kitu cheusi chenye mabawa. Akapiga. Akaanguka jike.

Aliendelea kueleza kwamba, kwa kuwa sheria inaruhusu jogoo peke yake, alimpigia simu afisa wa wanyamapori papo hapo, akamkabidhi ndege na kukubali kosa. Hakuwa na la kujitetea.

Bw. Wipf alitaka Kanuni ya 6 ifuatwe: mpiga jike hukaa nje msimu huo na unaofuata. Aliongeza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekaa nje mwaka 2011, na hakumwona mtu yeyote akimwonea huruma.

Kisha aliuliza nani alitoa mwito. Bw. Kucera alijibu kwamba hakumbuki. Katibu aliagizwa aandike maneno kama yalivyosemwa:

"Hukumbuki? Tulikuwa watatu tu, Delmar, na mimi nilikuwa kule mwisho nakohoa."

"Kidole kilichovuta ni changu, Gene. Andika hivyo, Marlys, tukanywe kahawa."

Bi. Verna aliomba nafasi. Alisema jike mmoja hamuumizi kichwa. Mbweha angemla tu. "Ila kuna mtu ananificha jambo, tena kwenye matete yangu mwenyewe. Mume wangu aliwafungulia lango miaka yote kwa sababu mlikuwa mnasema ukweli hata wa kuwaaibisha. Nikitoka hapa sijaelewa, tarehe 31 lango litakuwa na kufuli."

Bw. Kucera alisema yuko tayari kukaa nje misimu yote miwili. Ombi lake lilikuwa moja tu. Mbwa wake Pepper yuko katika msimu wake wa kwanza, na mbwa asiyefanya kazi katika umri huo huharibika. Aliomba Mwenyekiti amchukue na kumtembeza pamoja na Birgit, kwa sababu hakuna jicho kama la Mwenyekiti wilaya nzima.

Mwenyekiti aliomba apewe kahawa. Kikombe kilikuwa tayari mbele yake.

KUMB. NA. 4/1/2026: MAELEZO YA MWENYEKITI
Hoja hii haikuwa kwenye ajenda.

Mwenyekiti alieleza kwamba aliyeita ni yeye. Wajumbe wanajua kwamba katika chama hiki mwitaji ni mmoja, na kwa miaka thelathini na moja amekuwa yeye. Akisema jogoo, watu wanapiga. Akisema jike, wanashusha mitutu. Hakuna anayegeuka kuhakikisha.

Alifafanua kwamba jogoo akiruka hupiga kelele, na jike huondoka kimya. Siku ile alisikia kelele, akaita. Jogoo alikuwepo kweli, ila alipita chini kwa chini nyuma ya matete, na aliyepanda juu mbele ya Bw. Kucera akawa jike.

"Hukumwona?" Bi. Verna aliuliza.

"Sikumwona hata mmoja, Verna. Nimekuwa nikiwaita kwa masikio. Tangu Oktoba, kila ninachokitazama kina doa la ukungu katikati. Nakuona nywele na viatu. Uso wako siuoni."

Daktari wa macho wa mji wa Sioux Falls alimwambia doa hilo halitaondoka.

Bw. Wipf alisimama. "Mzee, miezi yote hiyo unatembea na bunduki nyuma ya mgongo wangu?"

"Tupu. Tangu Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, sijaweka hata risasi moja. Gene, mgongo wako ulikuwa salama kuliko kanisani."

Bw. Wipf alikaa na hakusema kitu. Jambo hili linaandikwa kwa kuwa halijawahi kutokea.

Mwenyekiti alimgeukia Bw. Kucera na kumuuliza kama alikuwa anajua. Bw. Kucera alisema alishuku mwezi Desemba, pale Mwenyekiti alipompapasa Pepper kichwani na kumwita Birgit. Alipoulizwa kwa nini alinyamaza mbele ya afisa na mbele ya kikao, alijibu: "Ulinifundisha kushika bunduki, mzee wangu. Ningesimama hapa niseme nini?"

Mwenyekiti alisema angesema ukweli, na kwamba anaona aibu, si kwa macho, bali kwa kumwacha mtu mwingine abebe mzigo wake siku nane.

Katibu aliomba ruhusa ya kuuliza swali. Alimuuliza Mwenyekiti amefikaje hapa leo.

"Nimeendesha. Barabara imenyooka."

"Kaka, imenyooka, lakini ina watu!"

Mwenyekiti alisita, kisha akatoa funguo za pikapu na kuziweka mezani. Katibu hakuandika chochote kwa dakika kadhaa. Bi. Verna alimshikia kalamu.

KUMB. NA. 5/1/2026: MAAZIMIO
Baada ya majadiliano, ilikubaliwa:

(a) Cheo cha mwitaji kifutwe. Kila mtu atapiga kile alichokiona kwa macho yake, na asiyeona atashusha mtutu, hata kama kijiji kizima kinapiga kelele.

(b) Adhabu ya Kanuni ya 6 isimwangukie Bw. Kucera. Faini ya serikali ni yake na ameikubali. Bw. Wipf, aliyeleta hoja ya adhabu, ndiye aliyeiondoa, akisema mwaka 2011 yeye hakuitiwa na mtu, alikosea kwa akili zake mwenyewe.

(c) Mwenyekiti aliomba ajiuzulu na abaki nyumbani tarehe 31. Ombi la kwanza lilikataliwa. La pili pia, kwa sababu Birgit hamsikilizi mtu mwingine, na bila Birgit hakuna atakayewapata majogoo wa Januari ndani ya matete yale. Atatembea bila bunduki, na Bw. Kucera atakuwa kando yake akimwambia kilichoko angani.

(d) Bi. Verna alisema lango litakuwa wazi. Alitaka Mwenyekiti aletwe nyumbani kwake kula mchana kabla ya mawindo, na aletwe na mtu anayeona.

KUMB. NA. 6/1/2026: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa 9:50 alasiri.

KUTHIBITISHWA
Kumbukumbu hizi zilisomwa kwa sauti tarehe 20 Januari, jikoni kwa Mwenyekiti, kwa ombi lake. Alitaka neno moja lirekebishwe: pale palipoandikwa kwamba alisita kabla ya kutoa funguo. Alisema hakusita. Katibu alikuwepo, na neno limebaki.

Katibu anaandika pia kwamba kumbukumbu za Oktoba, Novemba na Desemba zilipelekwa kwa Mwenyekiti ili azisome na kuzithibitisha. Zote tatu alizitia saini mbele ya Katibu bila kuzisoma, akasema ziko sawa, na Katibu, ambaye ni dada yake, akamshukuru na kwenda zake bila kuuliza kwa nini.

Tarehe 20 Januari, jikoni pale, alisomewa zote tatu.

A. Tvedt
Mwenyekiti

M. Haugen
Katibu