Upande Wako wa Sinia

Dada Zuwena,

Shikamoo. Najua huitiki, lakini ukubwa hauondoki kwa mtu kufa.

Tangu tumalize hitima, nyumba imenyamaza. Majirani wa hapa Nizwa walileta vyakula hata nikakosa pa kuviweka, kisha kila mtu akarudi kwake, kama ilivyo haki yake. Mwanao Asma ananitaka nihamie kwake Maskati. Nilikwenda kutazama. Wanakula mezani, kila mtu na sahani yake na simu yake. Nikarudi.

Jana nikapika ile polenta yako.

Unakumbuka ulipoiona kwenye simu? Bibi wa Kitaliana, wa huko milimani, anasonga unga wa mahindi, anaumwaga juu ya meza, anatia rojo la nyanya, jamaa wote wanakula, kila mtu kutoka upande wake kwenda katikati. Ukapiga ukelele: "Maryam, njoo uone! Wataliana wanakula sima!" Sisi meza hatuna, basi ukaimwaga juu ya sufra ya nailoni, ile tunayotandika chini tukila. Sufra ikajikunja kama jani la mgomba motoni. Tukala sima inayonuka viatu vipya, nawe umekaza uso: "Kula, huko kwao ndivyo inavyonukia." Mara ya pili ukatoa sinia la mama.

Nguruwe wa rojo lao ukamgeuza mbuzi, ukatia na bizari, ukasema hii ndiyo polenta ya mkoa wetu. Maana kule, ulinifundisha, wa kaskazini hamkubali wa kusini hata kwa kukaanga kitunguu. "Unguja na Pemba tupu!" Jirani yetu Umm Salim, wa Bahla, akaonja, akasema kwa Kiarabu chake: "Wallahi, hii harisi." Polenta yako kaiita bokoboko la ngano! Ulinuna wiki nzima.

Basi jana nimesonga peke yangu, mkono ukaniuma, hapana wa kupokezana mwiko. Nikajaza sinia zima. Kupika kidogo hukunifundisha. Nikala mbele yangu, kama tulivyolelewa. Nilipoinua macho, upande wako ulikuwa vilevile, haukuguswa, rojo limeganda.

Dada, kwenye msiba sikulia. Watu wakanisifu subira. Nimekuja kulia mbele ya sima.

Kuitupa ni dhambi, na kuchota pako mkono haukwenda. Leo asubuhi nimeikata vipande, nikavikaanga kwa samli, nikampelekea Umm Salim. Akala papo hapo mlangoni, amesimama. Akasema: "Harisi. Ila ya kukaanga." Kisha akauliza, taratibu, lini nitapika tena.

Ijumaa, nikamwambia.

Asma nimemjibu siji. Aje yeye, na sahani yake aiache Maskati.

Nakuahidi: Umm Salim nitamkalisha pangu, na pako nitakaa miye. Pako simpi mtu. Akisema tena harisi, nitanuna kwa niaba yako.

Mungu akupanulie kaburi, akuwekee huko sinia pana, na wa kukaa nawe.

Mdogo wako,
Maryam