Nywele Ulizozizika Chini ya Mstafeli

Mwabungo,
14 Machi 1965

Kwako dada yangu Bi. Biasha,

Shikamoo dada. Nakusalimu kwa heshima na mapenzi, wewe na shemeji Waziri, nikitumai barua hii itawakuta wazima hapo Bodo, na kifua chako kimeacha kukusumbua. Kashata ulizompa Mwanaima aniletee siku ya Idi zilifika. Nilizila zote peke yangu, wala sikukurudishia hata neno la ahsante. Najua anayekusomea ni mwanao Mwanaima. Mwambie afunge mlango kwanza, mbaki ninyi wawili tu.

Mimi sijambo kiasi. Mwezi uliopita Suleiman alinipeleka hospitali Mombasa, maana ndoa yetu inatimiza miaka saba na mtoto hakuna. Daktari ni mwanamke wa Kihindi. Aliniuliza mambo ambayo sijapata kuyatamka mbele ya mtu: nakaa miezi mingapi bila kuona siku zangu, chunusi zilianza lini, na je, huwa nanyoa ndevu? Wallahi dada, niliona haya nikatamani ardhi ipasuke. Nikasema sinyoi. Akanishika kidevu polepole, akangoja. Basi nikakiri kwamba kila alfajiri, Suleiman akiwa msikitini, nachukua wembe wake. Miaka saba maskini analalamika kwamba nyembe za siku hizi ni butu!

Alinieleza kwamba kila mwanamke ana homoni za kiume kidogo mwilini, ila zangu zimezidi. Ndizo zinazootesha ndevu, ndizo zinazozuia mayai yasipevuke. Ni maradhi kama maradhi mengine, hayakuletwa na mtu. Amenitaka nipunguze mwili, nipimwe na sukari, kisha wataangalia kama upasuaji utafaa. Wako waliozaa baada yake, lakini mimi hakuniahidi.

Hayo ya kwamba hayakuletwa na mtu ndiyo yaliyonikata maini.

Unakumbuka wiki ya harusi yangu, uliponinyoa mwili kama anavyonyolewa bibi harusi. Ulikiona kidevu changu na kifua changu, ukaendelea kunyoa. Hukucheka, hukumwambia hata mama. Ukazikunja nywele katika kitambaa, asije mtu akazichezea kwa uchawi, ukazizika chini ya mstafeli. Mimi nilikuwa dirishani nikikutazama.

Mwaka wa tatu wa ndoa, mama mkwe alinipeleka kwa mganga. Mganga akauliza nani aliyemnyoa bibi harusi, na nywele zilikwenda wapi. Niliogopa, dada. Niliona kwamba wasipopata mtu wa kumlaumu watanigeukia mimi, nivuliwe leso nitazamwe. Nikasema zilibaki kwako. Nikasema uliniona na mume mwema ukanionea kijicho. Ni mimi niliyesema, si mganga wala si mama mkwe kama ulivyodhani miaka yote hii. Siku ile ulipokuja na kikapu cha chaza, ukazuiwa mlangoni na kuitwa mchawi majirani wakisikia, mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Uliniita mara mbili. Nikajishika kidevu, nikanyamaza.

Juzi nimewaambia yote, Suleiman na mama yake, ndevu na uongo pia. Mama mkwe hasemi nami. Suleiman naye jana alirudi na wembe mpya, akauweka kando ya wake. Nililia sana.

Sikuombi radhi kwa karatasi. Ijumaa nitakuja Bodo, na ukinifungia mlango nitakaa kibarazani, majirani zako wanitazame.

Sasa Mwanaima, mwanangu, hapa usiruke, msomee mama kama nilivyoandika. Siku ya Idi ulikunywa maji umegeukia ukutani, leso umeibana kidevuni. Nilijua, nikajitia sijaona. Usiuguse wembe wa baba yako kwa kujificha, wala usimtaje mtu kuwa amekuroga. Mama akiridhia, nitakupeleka kwa daktari yule, na tukiingia nitaishusha leso yangu kwanza.

Mnisalimie shemeji, na wote wanaouliza habari zangu, kama bado wapo. Suleiman anawasalimu.

Wasalaam,
mdogo wako niliyekuchafulia jina,
Mwanasha binti Boga