Muuguzi wa Milango Miwili

Mama Judica, uko wapi? Nimecheka hospitalini mpaka nimeona aibu!

Si nimempeleka Mujuni wangu kwa zile sauti anazosikia. Kaniapia kabisa, wakimzungusha anarudi Muleba kwenye pombe yake ya rubisi.

Muuguzi akasema, "Mama, huyu anakunywa. Mpeleke kwanza chumba cha kutibu walevi, kule nyuma."

Tukazunguka, tukangoja. Mlango ukafunguliwa. Ni muuguzi yule yule! Yule yule, mama, na jasho lake!

Mujuni akaninong'oneza, "Mama, na wewe unamwona? Au ndiyo ugonjwa wangu?"

"Namwona, mwanangu, namwona!"

Muuguzi naye akacheka. "Niko peke yangu, Mama, vyumba vyote ni vyangu. Haya kaeni, tuyatibu magonjwa yote mawili."

Mujuni akakaa. Akakaa, Mama Judica! Na kofia akavua.