Matone ya Wiski ya Japon

Dady, mutoto wa dada yangu,

Huku Kasongo tuko wazima, mihogo imekubali. Wiski ya Japon uliyotuma kwa pikipiki kutoka huko machimboni Salamabila imefika. Unanijua mimi: chupa ikiwa bado imefungwa, nilishasikia harufu ya asali na moshi! Nikaonja, tamu kabisa. Kisha nikawamwagia wafu wetu chini, nikiwataja mmoja mmoja. Udongo ukakataa, matone yakabaki juu yaking'aa kama macho. Halafu ulimi wangu ukateleza, ukakutaja wewe, na udongo ukayanywa yote.

Nilipoonja tena, ilikuwa matope matupu.

Usishuke tena shimoni, hata dhahabu ikikuita. Chupa nimeifunga. Njoo uinywe hapa uani kwa mdomo wako, wale wa chini wakuone uko hai.

Mimi mjomba wako nisiyeogopa kitu, ila hiki,
Sylvestre