Pawa Saplai ya Mama

Jumapili, 3 Agosti 2025

Laptop imekufa. Imekufa kweli, si ile ya kuzimia na kuamka. Nimeipuliza, nimeianika juani, nimeibembeleza, nimeitukana. Wapi!

Na imechagua siku! Harusi ya Eufrasia ilikuwa jana tu. Yote iko kwenye kadi ya kamera — maharusi, keki, shangazi aliyeteleza akicheza — na sina pa kuikatia iwe video. Nimpelekee Donatus wa Geita mjini anikatie kama siku zote? Atakaa nayo mpaka Eufrasia apate mtoto, kisha mwishoni ataandika jina lake na namba yake ya simu. Mimi nisimame juani kutwa na kamera, sifa zimwendee Donatus. Hapana. Safari hii hapana.

Nitajiundia kompyuta. Ile ya mezani, kipande kwa kipande. Nimeangalia video za YouTube mpaka bando linanikimbia. Najua soketi, najua RAM, najua feni inapuliza kwenda wapi. Eufrasia alipopiga simu mchana, huu mdomo wangu ukamwambia: video yako naikata mwenyewe, kwenye kompyuta niliyoiunda mwenyewe, mwezi huu huu! Akapiga vigelegele. Nilipokata simu nikakaa chini.

Nikamwambia Mama. Alikuwa na mteja, mchimbaji kaleta kijipande cha dhahabu kama punje ya mchele. Mama alikiweka kiganjani, akafumba macho, mkono ukapanda na kushuka kidogo. Mama kila kitu hukipima kwa mkono kwanza, mizani baadaye. Bila kuniangalia akasema kamera zangu ni mchezo, nimpishe mwanga. Sijui mimi kanipima nikatoka na uzito gani.

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mjomba Masudi kanicheka! Nilikwenda kumlilia kwamba siwezi kununua vifaa vyote peke yangu. Akaniuliza nimezaliwa wapi. Katoro hii, nani anachimba peke yake? Yeye mwenyewe ana duara, shimo la dhahabu, Nyarugusu. Mmoja katoa eneo, mwingine kaleta mota ya kuvuta maji, mwingine analisha wachimbaji. Duara likitema, kila mtu anabeba mifuko yake ya mawe. Kwa hiyo kompyuta nayo tuichimbe kwa hisa!

Nimekubali kabla hajamaliza chai yake.

Mjomba ataleta mazabodi, kwa sababu nilimweleza kwamba vyote vinachomekwa humo, akasema basi yeye ndiye mwenye duara. Mgao wake: kuona bei ya dhahabu kwenye kioo kikubwa, na mechi. Rafiki yangu Mageni wa saluni ataleta prosesa na RAM. Mgao wake: matangazo ya misuko, na taa za rangi zimulike ndani ya kasha. Taa hazina kazi yoyote lakini nimemkubalia. Mimi kasha, kioo na diski.

Imebaki pawa saplai, kile kiboksi kinachovigawia vyote umeme. Hiyo sitaki kuikimbilia. Kila fundi wa YouTube anasema cheza na vyote, usicheze na hiyo — ikiwa mbovu inaondoka na wenzake wote. Nimewaandikia Mjomba na Mageni aina ya kila kifaa kwenye simu, herufi kwa herufi. Nani atakosea?

Jumatano, 6 Agosti 2025

Wamekosea.

Mjomba alikwenda Mwanza kwa shughuli zake, akaingia dukani, akaomba mazabodi kubwa kuliko zote. Ujumbe wangu hakuusoma, miwani aliisahau. Kaleta sinia! Nzuri, inang'aa, lakini ni ya prosesa za kampuni nyingine kabisa. Mageni alinunua ileile niliyomwagiza. Sasa soketi ina meno yanatazama juu, na prosesa ina meno yanatazama chini. Meno kwa meno!

"Ibonyeze, itaingia," Mjomba akasema, na dole gumba likaanza safari. Dole lililoshika nyundo maisha yake yote! Niliirukia ile bodi nikaikumbatia. "Usiguse, Mjomba! Nakuomba! Shikamoo!"

"Marahaba," akajibu, na dole likasimama hewani.

Mageni akaja juu. Prosesa yake haina kosa, irudishwe sinia. Mjomba akasema mwenye duara harudishi duara. "Yaya!" — Mageni akikataa kwa Kisukuma ujue kakataa mpaka kwa mababu. Wakatoka kila mtu na njia yake. Nimebaki na vifaa viwili visivyoongea, vya watu wawili wasioongea.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Nane Nane, maduka mengi yamefungwa. Wote wawili wamekuja nyumbani kununiana.

Mama alikuwa pembeni anachambua mchele. Wakabishana, wakabishana, mara tukasikia: "Masudi, mota ikilikataa duara, mnahama duara?"

Mjomba akaangalia miguu yake, akasema hapana, dada, tunabadili mota. "Na aliyeleta mota bila kosa?" Mjomba akasema huyo anasafirishwa kwenda kuibadilisha, na chakula njiani. Mageni alijaribu kuendelea kununa, akashindwa, akacheka. Kesho anakwenda Mwanza kwa gharama ya Mjomba, na ameshasema chakula chenyewe ni samaki, tena mzima.

Mama! Kwenye mambo yangu! Kisha karudi kwenye mchele wake kama hakusema kitu. Nimefurahi mpaka nimeosha vyombo bila kuambiwa.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Imeingia!!! Nimeishika prosesa mpya pembeni kama walivyonifundisha, nikaiweka, ikakaa yenyewe. Bila dole la mtu. RAM nazo — klak! klak! Mjomba kapiga makofi kama goli limeingia. Mageni kaniambia niwashe taa za rangi. Taa, bila umeme!

Kisha nikaleta kasha langu. Dogo, jeupe, la kupendeza, nililichagua mimi mtaalamu.

Mazabodi haiingii.

Ubavu mzima umebaki nje. Nililipimia ile bodi ndogo niliyoiandika, na duara letu si lile tena. Mageni alicheka mpaka akakaa chini, akamwita Mama aje aone. Mjomba akaniuliza kwa upole kama na mimi miwani niliisahau. Haya, wacheke. Nimelibadilisha kwa kasha la zamani la stationery iliyofungwa karibu na stendi. Kubwa, jeusi, lina kibandiko cha "Hapa hatukopeshi" ambacho hakitoki.

Jumatano, 13 Agosti 2025

Mama karudi leo kutoka Maganzo, alikokwenda kumjulia hali dada yake. Kavua viatu, kanywa maji, kaingiza mkono kwenye kapu, chini ya viazi. Katoa pawa saplai.

Nilidhani naota. Akasema: "Hisa yangu."

Pembeni ya barabara kule kuna kijana anauza vifaa vya kompyuta vilivyotumika. Mama akamwambia apange pawa saplai zake zote mezani. Akafumba macho. Akabeba moja moja! Nyepesi zina hewa ndani, akaniambia, hii ndiyo iliyojaza mkono. Haina boksi. Haina hata karatasi ya maelezo ubavuni, imebanduliwa. Nikamuuliza mgao wake ni nini. Akasema anataka kuiona harusi moja niliyoitengeneza mimi, mwanzo mpaka mwisho, na mwishoni jina langu.

Nilimkumbatia ili asinione uso. Nina furaha, na nina hofu, na sijui ipi imetangulia.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Nimekesha na simu. Fundi mmoja wa YouTube anasema pawa saplai nzito ndiyo nzuri, shaba imejaa ndani. Nikashusha pumzi. Video iliyofuata, mwingine kafungua pawa saplai ya bandia: ndani kuna kipande cha saruji, kimewekwa makusudi ili iwe nzito! Makusudi! Yaani kuna watu duniani walikaa wakawaza namna ya kuudanganya mkono wa mama yangu.

Nimeitikisa. Kuna kitu kinagonga. Kidogo sana. Tk.

Nikaificha ndani ya mtandio nikampelekea Nasibu, fundi redio wa sokoni. Akaunganisha waya, feni ikazunguka. Nikaruka! Akaniambia nitulie, kuzunguka feni si kubeba mzigo. Huenda ni nzima, huenda ikaunguza kila kitu, hajui mpaka aifungue. Nikaona bisibisi inakuja, nikamnyang'anya nikakimbia.

Kwa sababu namjua Mama. Dhahabu aliyoinunua yeye haipelekwi kwa mtu mwingine kupimwa. Ukifanya hivyo umemwambia mbele ya watu kwamba mkono wake haufai. Na mkono ule umewahi kukosea mara moja tu, nikiwa mdogo. Alinunua kipande kizito, kizuri, kumbe ndani kilijazwa takataka. Soko zima lilijua. Walikuwa wakimpita wanapima hewa kwa viganja, wanacheka. Tangu hapo hajatia mkono kwenye shughuli ya mtu yeyote, hata ya Mjomba. Hii yangu ndiyo ya kwanza.

Nikiifungua, namvunja. Nisipoifungua na ikawa saruji, naunguza bodi ya Mjomba, prosesa ya Mageni na ahadi ya Eufrasia kwa pamoja, na soko lipate tena la kucheka.

Nimerudi kwa Nasibu. Kaniazima ya kwake, kuukuu, ina vumbi, lakini anaijua. Iko chini ya kitanda changu.

Jumamosi, 16 Agosti 2025, asubuhi

Nimefunga yote mbele ya Mama. Ya kwake nimeifunga kwa skrubu nne, nimebana waya, nimefunika ubavu. Akalibeba kasha akalipeleka kwenye meza yangu. Alitabasamu! Akasema sasa hiki ni kitu.

Wenye hisa wanakuja baada ya swala ya alasiri. Mama ametoka kwenda kununua vitumbua vya sherehe. Nina bisibisi mkononi, na ya Nasibu iko chini ya kitanda.

Nisamehe, Mama. Kasha likishafunikwa hakuna atakayejua.

Jumamosi hiyohiyo, alasiri

Nimejifungia chumbani. Naandika nimepiga magoti, daftari liko juu ya kitanda. Wako sebuleni wote.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri! Mjomba kavaa kanzu, kwa ajili ya kompyuta. Mageni kawasha simu anarekodi. Nikasema bismillah, nikanyoosha waya — haufiki ukutani. Mama akasema lisogezwe kasha. Nikasema nitalisogeza mimi! Nilisema kwa haraka mno. Keshalibeba.

Akasimama nalo. Nikauona mkono wake unapanda na kushuka kidogo.

Akaliweka chini taratibu.

"Limepungua," akasema.

Mjomba akauliza limepungua nini. Mama akaniangalia mimi. Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya! Mageni akashusha simu. Mimi nikaangalia kile kibandiko cha hatukopeshi, sikuwa na pengine pa kuangalia.

Nilidhani atatoka, aende kwenye mizani yake, na hisa yake iishie hapo. Badala yake akaokota bisibisi mezani, akanitilia kiganjani, akanifumba vidole.

"Kailete yangu, mwanangu. Tuifungue hapa hapa, wote waone."

Mama kasema hivyo! Kwamba ifunguliwe! Mbele ya Mjomba, mbele ya Mageni ambaye saluni yake haina siri. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Anaogopa, nimemhisi, na kasema vilevile.

Na sasa mimi ndiye sitaki ifunguliwe. Ninazo zote mbili hapa; ya Nasibu nimeifungua kwenye kasha mbele yao nikaja nayo. Nimefumba macho kama yeye, nikabeba moja mkono huu, moja mkono huu. Ya Nasibu nyepesi. Ya Mama nzito. Zaidi ya hapo mkono wangu haujui kitu. Nimeitikisa tena. Tk.

Mjomba anauliza kama nimefukiwa. Mageni anamwambia anyamaze. Mama haniiti. Nasikia anasogeza vikombe na vitumbua, anapanga nafasi katikati ya meza.