Mume Wangu Yuko Machimboni, Anataka Nisaini Nyumba Iuzwe

Mama Paskazia mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, maana sina wa kumwambia, dada zangu wote wako Nansio na mama yangu nikimweleza atalia tu. Nina miaka thelathini na minne, naishi Nyegezi na watoto wetu watatu katika nyumba ambayo mimi na mume wangu Luhende tuliijenga wenyewe, yeye akitoka zamu kiwandani anavunja mawe kabla hajalala, mimi nasomba maji na mchanga, na siku tulipomaliza kuezeka alinibeba mgongoni akanizungusha chumba kwa chumba, majirani wakicheka mpaka wakakaa chini.

Mwaka 1995 kiwanda cha nguo kilipunguza watu na Luhende akawa mmojawapo, akakaa nyumbani miezi anatengeneza hata vitu ambavyo havijaharibika, mwisho akasema anakwenda machimbo ya dhahabu upande wa Geita, atarudi mvua zikiisha. Mvua za miaka mitatu zimeisha. Mwanzo alikuwa anatuma barua kwa makondakta wa mabasi, baadaye salamu za mdomo, baadaye hata salamu hakuna. Zamani nilikuwa nanunua sangara mzima mwaloni kwa wavuvi, sasa viwanda vya minofu vinachukua wote, sisi tunabakiziwa vichwa na mifupa, nakaanga nauza stendi, tunaishi. Si njaa inayonitesa, mama. Kinachonitesa ni kwamba nikisikia mtu anakohoa barabarani nasimama, maana Luhende ana kikohozi chake cha vumbi la pamba ambacho ningekijua hata katikati ya soko.

Mwezi wa sita mdogo wake, Chenge, alikuja akaniambia, "Shemeji, kaka anakuita." Sikuuliza ananiitia nini. Niliwaacha watoto kwa jirani, nikaazima kitenge, nikavuka na kivuko nikaenda. Nilimkuta amekonda, mikono imepasuka, lakini aliponiona alicheka kile kicheko chake, akanikataza nisiguse sufuria, akasonga ugali mwenyewe, akawa ananiuliza mtoto mmoja mmoja, kama Kija bado anaogopa radi, kama mdogo ameanza kung'oka meno ya utoto. Mama, siku ile nilikuwa bibi harusi.

Kesho yake asubuhi Chenge akaleta karatasi iliyopigwa chapa. Luhende akasema bila kuniangalia, "Modesta, tumefika kwenye mwamba wenye dhahabu, lakini shimo limejaa maji, tunakosa pampu tu. Kuna mfanyabiashara anaitaka nyumba yetu aigeuze gesti. Saini hapa, Krismasi niko nyumbani."

Nikamuuliza, "Nyumbani wapi, Luhende, kama imeuzwa?"

Akanyamaza. Chenge akadakia, "Unabisha nini? Barua ya ofa ya kiwanja ina jina lake. Wewe hata cheti cha ndoa huna, uliolewa kwa ng'ombe. Saini mambo yaishe."

Luhende hakumkemea. Lakini aliponisindikiza kwenye gari alinishika vidole akasema polepole, "Nimewakumbuka mpaka naumwa." Nikachukua karatasi, nikasema nitaisomea nyumbani. Sasa Chenge anakuja kila Jumapili kuifuata, na mimi kila nikishika kalamu sioni nyumba, namwona Luhende anashuka kwenye basi na begi lake. Nikisaini, atarudi kweli? Na nikikataa, si nitakuwa nimemfungia mlango mimi mwenyewe?

Modesta,
Nyegezi, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ilibidi nivue miwani niifute. Pole sana. Kumpenda mtu aliye mbali ni kazi, na wewe umeifanya miaka mitatu bila likizo.

Sasa kaa vizuri nikukaripie. Unaniuliza kama Luhende atarudi. Mimi sijui, na hiyo karatasi nayo haijui. Isome tena. Imeandikwa kuuza nyumba. Haina Krismasi wala jina la mtoto hata mmoja. Wewe unataka kuitumia kununulia mume, na yenyewe haikuandikwa kwa kazi hiyo.

Huyo shemeji yako anasema huna haki. Kama huna haki, saini yako anaifuata kila Jumapili ya nini? Mnunuzi ameelezwa sheria, ndiyo maana hatoi fedha bila jina lako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kimila, na nyumba wanayoishi mume na mke haiuzwi bila ridhaa ya wote wawili, hata kama ofa ina jina la mmoja. Andika majina ya wazee waliopokea hao ng'ombe na waliowapeleka. Hao ndio mashahidi wako.

Luhende simwoni kama mtu mbaya. Namwona mtu aliyeachishwa kazi akaona haya kurudi mikono mitupu, na kila siku anayochelewa haya inaongezeka. Kwamba amewakumbuka, naamini. Lakini ulipomuuliza "nyumbani wapi" akanyamaza, mwanangu, alikuwa amekujibu.

Usisaini. Usiweke dole gumba, na usikubali Chenge akuletee mashahidi sebuleni kwako. Mweleze mwenyekiti wa mtaa, kisha nenda ofisi ya ardhi ukaombe kuweka zuio ili kiwanja kisihamishwe jina bila wewe kujua. Wakikuzungusha, tafuta mwanasheria anayesaidia wanawake bila malipo, wapo hapa mjini.

Halafu mwandikie mumeo kwa mkono wako, wala usiipitishe barua kwa Chenge. Mwambie wazi kwamba nyumba huuzi. Mwambie wazi vilevile kwamba yeye unamtaka, aje hata bila senti, aje hata na kikohozi chake, mkae mtafute kazi nyingine ya mikono yake. Huo ndio mlango, na umeufungua wewe. Kuingia ni juu yake.

Asipokuja utalia, na sitakudanganya kwamba kilio hicho ni kidogo. Lakini utalia chumbani kwako, watoto wako wamelala vitandani kwao, si kwenye baraza la mtu.

Kesho asubuhi uwe ofisi ya ardhi kabla foleni haijawa ndefu. Vaa vizuri. Ukiulizwa wewe ni nani, usiseme mke wa fulani. Sema mwenye nyumba.