Rahaleo Kupisha

Jumatatu, 8 Juni
Nimemsindikiza Somoe sokoni, kama kila asubuhi tangu lori la makaa ya mawe limvunje mguu. Yeye na gongo lake, mimi na kapu la mihogo. Barabara ya Rahaleo haina pembeni pa kukanyaga. Ukisikia honi, unaruka mtaro. Dada yangu haruki tena.
Vigingi vyekundu vya njia ya miguu na baiskeli vimeshasimikwa. Fedha za serikali. Wakaguzi wanakuja Ijumaa. Wakiviona, ujenzi unaanza. Nimetuma habari gazetini kwetu: magari yatapisha waenda kwa miguu.

Jumanne, 9 Juni
Gazeti limefika mchana. Mhariri wa Dar amefupisha kichwa cha habari: "Rahaleo kupisha njia ya miguu." Nimempigia. Anasema nafasi ilikuwa ndogo. Hapa kwetu kupisha kuna maana moja: nyumba inachorwa X, inabomolewa. Ndani nimeandika hakuna nyumba itakayoguswa. Hakuna aliyesoma mpaka ndani.

Jumatano, 10 Juni
Vigingi vimeng'olewa. Vyote.

Alhamisi, 11 Juni
Nimepita nyumba kwa nyumba. Nimepata kumi na kimoja. Vingine vimeshachomwa kuchemshia uji. Mzee Bakari, jirani, alinitazama na mzigo wangu begani.
"Mwandishi, kalamu hailipi tena? Umehamia kwenye kuni?"
Waliokuwa barazani kwake walicheka. Nilistahili.
Mpimaji wa mradi anasema kigingi kikishatoka shimoni si kitu, lazima apime upya, na kifaa chake kiko Lindi hadi Jumatatu. Nilimwomba mara tatu. Miaka yote ya kazi hii sijamwomba chochote mtu ninayemwandika. Alinionea huruma, hilo ndilo lililouma.
Jioni nikaenda kwa Somoe. Cha kumi na mbili kilikuwa uvunguni mwa kitanda chake. Ameking'oa mwenyewe, kwa mguu ule.
"Si umeandika wewe, kaka? Nikajua tu umeshindwa kuniambia usoni."

Ijumaa, 12 Juni
Wakaguzi hawakumaliza nusu saa. Niliwaeleza kosa ni la neno moja. Walisikiliza kwa adabu, wakaandika: wakazi hawauridhii mradi. Fedha zinakwenda mji mwingine. Nilimkimbilia mkuu wao hadi mlangoni mwa gari. Akasema tuombe tena mwakani.
Somoe anakwenda sokoni kesho. Naogopa atafia barabarani. Nimeandika vifo vingi vya barabara ile, najua vinavyokuja. Sijui la kufanya.

Jumatatu, 15 Juni
Upepo tangu alfajiri. Somoe amekiegesha kile kigingi mlangoni, mlango usijibamize. Nilichukua kapu. Alijifunga kanga, akashika gongo, tukatoka.
Nimetembea upande wa malori.